Bunduki ya Amerika ya midomo miwili: feza ya dekonti haina ya kutundika ku ukuta

Siku ya mushara iliyopita, kijana mumoja wa mugodi, mutoto wa kaka yangu, alifika nyumbani na telefone mukononi. Alinionyesha picha ya bunduki: midomo miwili kandokando, kitako cha mbao nzuri, chuma chenye rangi-rangi kama mafuta juu ya maji. Akasema: "Baba mudogo, angalia hii kitu. Iko ya Amerika, ya mupya. Shemeji iko kule, atanisaidia. Nikipata dekonti yangu, njo ile ninataka."

Sikumujibu siku ile. Niliomba anipe juma moja. Leo ninamujibu hapa mbele ya wasomaji wote, juu ninajua haiko peke yake. Katika kambi na katika site kuko vijana na wazee wengi wenye ndoto ile ile, na kuko wamama wengi ambao wanasikia ndoto ile usiku na wanakosa usingizi.

Jibu langu ni hili: bunduki ile iko nzuri kweli, na haifai kwa feza yako. Maneno hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Tuyaangalie moja moja.

Uzuri wake

Tusidharau kitu juu hatuna feza yake. Bunduki ya midomo miwili ni bunduki mbili katika kitako kimoja. Ile ya zamani iko na gasheti mbili: moja kwa mudomo wa kuume, moja kwa mudomo wa kushoto. Mudomo mumoja hutawanya risasi ndogo karibu, kwa ndege anayeruka mbele ya miguu yako. Mudomo wa pili umebanwa kidogo ku mwisho, risasi zinaenda pamoja mbali zaidi. Muwindaji anachagua kwa kidole tu, hapana kupoteza wakati. Na kama upande mumoja unaharibika ku pori, upande wa pili bado unapiga.

Tena iko fupi kuliko ile ya kuvuta na kusukuma kwa mukono, juu haina mashine ndefu kati ya kitako na midomo. Ukiifungua, kila mutu anaona kama iko na kartushi ao haina. Kwa nyumba yenye watoto, hiyo haiko kitu kidogo.

Sasa, juu ya nini Waamerika wanaitengeneza kwa bei ya nguvu hivi? Hapa lazima turudi nyuma kidogo.

Bei ya mukono wa fundi

Zamani Amerika ilikuwa na viwanda vingi vya bunduki hizi. Parker ilikuwa Meriden, katika jimbo la Connecticut. A. H. Fox ilikuwa Philadelphia. L. C. Smith ilikuwa Fulton, na Ithaca katika muji wa jina lile lile, yote mawili katika jimbo la New York. Mulimaji wa kawaida aliweza kununua ile ya bei ya chini, na tajiri alinunua ile yenye michoro ya dahabu. Zote zilitoka katika kiwanda kimoja.

Lakini midomo miwili haipendi mashine. Mafundi wanaunganisha mabomba mawili kwa moto, na lazima yaelekee kidogo kidogo moja kwa ingine ili yote mawili yapige pahali pamoja mbele. Wewe mufanyakazi wa mugodi unajua maana ya kazi kama ile: ukikosea kidogo hapa, kule mbele unakosa sana. Fundi anaunganisha, anapima, anarudilia. Kisha anapiga lima ku chuma mpaka mulango wa bunduki unafunga bila nafasi hata ya karatasi. Saa zile zote, lazima mutu alipwe.

Wakati ule ule ilikuja bunduki ya kuvuta na kusukuma. Ina mudomo mumoja, na mashine ndiyo inatengeneza sehemu zake nyingi. Remington 870 ilitoka mwaka 1950, na leo zimetengenezwa zaidi ya milioni 10. Mukulima wa Amerika alifanya hesabu yake akachagua ile. Savage ilikwisha kununua Fox mwaka 1929, na Remington ilinunua Parker mwaka 1934, katika miaka ile ya njaa kubwa ya kazi. Winchester ilijaribu na Model 21 yake ku mwanzo wa miaka ya 1930. Ilikuwa na nguvu sana, lakini mwishowe ilibaki kutengenezwa kwa oda ya matajiri tu.

Hata katika wakati wetu walijaribu tena. Kampuni Ruger ilionyesha yake, Gold Label, mwaka 2002, kwa bei ya karibu dola 2,000. Watu walisifu sana wepesi wake. Kabla ya miaka 10 kuisha, Ruger iliacha kuitengeneza. Kiwanda kikubwa, chenye mashine za kisasa na wateja wengi, hakikuona faida kwa bei ile. Baadaye Savage ilirudisha jina la Fox, ile Fox A Grade, na kazi yenyewe iliwekwa mikononi mwa mafundi wa Connecticut Shotgun, katika muji wa New Britain. Bei iliyoandikwa ilikuwa karibu dola 5,000. Na kule walisema hiyo ilikuwa ya bei ya chini kati ya zile zilizotengenezwa Amerika kwa kweli.

Ninasema "kwa kweli" juu kuko mutego mumoja. Leo bunduki nyingi za midomo miwili zinazouzishwa Amerika kwa bei ndogo zinatoka Turkia, ao Brazili. Jina la kampuni ni la Amerika, lakini soma maandiko madogo ku mudomo: inchi ilipotengenezwa imeandikwa pale. Siisemi kwa kuzidharau. Nyingine zinapiga vizuri. Lakini usilipe bei ya Connecticut kwa kitu ambacho hakikutoka kule.

Bunduki ya Prezida na bunduki ya nyama

Mutoto wa kaka yangu aliniambia neno moja ambalo lina nguvu: "Bunduki kama hii haipotezi bei, Baba mudogo. Hata nikiichoka, nitaiuzisha."

Kuko hadisi inayoonekana kumupa haki. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyetoka tu katika kiti cha Prezida wa Amerika, alikuja kuwinda Afrika. Kampuni Fox ilimupa zawadi bunduki ya midomo miwili ya kalibri 12. Alipita Kenya na Uganda, na mwanzo wa mwaka 1910 alifika Lado, ku ngambo ya Nili, inchi ambayo wakati ule Wabelgiji wa Congo walikuwa bado wanaitawala, kutafuta kifaru mweupe. Mwaka 2010, miaka 100 nyuma yake, bunduki yake ile iliuzishwa katika munada kule Amerika. Mununuzi alilipa dola 862,500.

Lakini mununuzi alilipa nini? Hakulipa chuma. Alilipa mukono ulioishika. Bunduki yako wewe, siku utakapotaka kuiuzisha hapa Likasi ao Kolwezi, hakuna mutu atauliza kama fundi wa New Britain alipiga lima siku ngapi. Atauliza maneno matatu: inapiga? kartushi zake zinapatikana? karatasi ziko? Na akiona kwamba unahitaji feza ya haraka, atakupa bei ya bunduki ya kawaida. Bei kubwa inakaa pahali penye watu wanaojua kitu na wenye feza ya kukipenda. Soko ile iko kule, haiko huku.

Hesabu ya ku meza

Sasa tuchukue kalamu. Tuseme bunduki ni dola 5,000, na tusihesabu kwanza kuisafirisha. Mufanyakazi wa mugodi hana siku nyingi. Ondoa kazi ya juma, ondoa zamu ya usiku, ondoa matanga na ndoa, ondoa miezi ambayo sheria inafunga uwindaji. Ukipata kwenda ku pori mara 20 kwa mwaka, wewe uko mutu wa bahati. Kwa miaka 10, hiyo ni mara 200. Gawanya dola 5,000 kwa 200: kila safari imekwisha kula dola 25, mbele ya kufyatua kartushi hata moja, mbele ya kulipa moto, mbele ya bukari ya njiani.

Na unarudi na nini? Wale wazee wanaokumbuka wakati kanga walikuwa wanavuka barabara kwa makundi karibu na Kipushi ao Kambove, wanakumbuka inchi ingine. Pori la karibu limekatwa kwa makala na kwa mashimo. Leo kupata kabuluku mumoja ao simbiliki wawili, lazima uende mbali, na mbali inataka gari ao pikipiki, na inataka siku mbili. Kuko watu ambao, pori likiwa tupu, wanaingia ku park ya Upemba ao ya Kundelungu. Hiyo haiitwi tena kuwinda. Inaitwa kuiba, na hukumu yake haiangalii kama bunduki iko ya Amerika.

Tena kuko karatasi. Sheria ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982 inatawala uwindaji, na inataka pelmi ya kuwinda. Sheria ya tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 1985 inatawala silaha, na inataka ruhusa ya kushika bunduki. Karatasi mbili, haiko moja. Na kwa ile inayotoka Amerika, serikali ya kule inataka ruhusa yake ya kuitoa, na serikali yetu inataka ruhusa yake ya kuiingiza. Shemeji hawezi kuifunga katika nguo na kuituma kama viatu. Akifanya hivyo, yeye anaharibu makaratasi yake kule, na wewe unalala ndani huku. Ninaomba neno hili lisikiwe vizuri: usimutume mutoto wa watu katika matata hayo.

Bunduki ya mujomba

Wale wa umri wangu wanakumbuka mwaka 2003 na ule uliofuata, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines kwa feza ya mara moja. Tuliona feza inavyoweza kukimbia. Mutu aliyezoea kupokea mushara na posho kila mwezi, ukimupa feza ya miaka kwa siku moja, anaona kama haitaisha. Wengine walinunua gari iliyokufa mbele ya mvua ya pili.

Mujomba wangu, katika wakati ule, alinunua bunduki. Haikuwa ya Amerika, ilikuwa ya Ulaya, midomo miwili, ya mupya, nzuri. Mwaka wa kwanza tulikula kanga siku ya Noeli. Mwaka wa tatu, sindano ndogo inayopiga kartushi ku upande wa kuume ilivunjika. Ni kitu cha urefu wa kidole. Hakuna mutu alikuwa nacho. Fundi mumoja alimutengenezea ingine kwa chuma alichokuwa nacho. Ilikuwa ndefu kidogo, ikatoboa tako la kartushi, na moto ukarudi nyuma. Mujomba alipona na alama chini ya jicho. Sentimeta mbili zaidi, leo ningekuwa ninaandika habari ya kipofu.

Tangu pale hakuipiga tena yeye mwenyewe. Akaanza kuiazima kwa wawindaji: yeye anatoa bunduki na kartushi, wao wanatoa miguu, nyama wanagawa. Wengi wanafanya vile na wanaona ni akili. Siku moja muwindaji alikamatwa ndani ya park. Bunduki ilibaki kule, na mujomba aliitwa kujibu, juu jina ku karatasi lilikuwa lake. Alilipa ili asifungwe. Shangazi alisema neno ambalo sijasahau: "Ile bunduki ilipiga mara moja tu sawasawa. Ilitupiga sisi."

Njo maana nasema: kabla ya kuuliza bunduki inagarimu ngapi, uliza sindano yake inapatikana wapi. Kitu kisicho na fundi karibu, hata kikiwa cha dhahabu, ni cha kuazima kwa wakati tu.

Kwa yule anayewinda kweli

Kuko wasomaji watasema: "Wewe muandishi unakataza tu." Hapana. Kuko watu wenye karatasi zao sawa, wenye shamba mbali, wanaojua pori. Kwao ninasema: bunduki ya mudomo mumoja ya kalibri 12, yenye mashine rahisi, itafanya karibu kazi yote. Unapiga mara moja. Basi, jifunze kusogea karibu kabla ya kupiga. Wazee waliwinda na ile ya baruti, ambayo kuijaza ilikula dakika nzima, na walileta nyama.

Na kama roho inakuuma kwa midomo miwili, kuko zile za zamani za Ubelgiji zilizobaki katika jamaa. Nyingine bado ziko na nguvu. Lakini mbele ya kutoa feza, fanya mambo haya.

Angalia kwanza kama haina kartushi. Kisha toa midomo ku kitako, uitundike kwa kamba, na uigonge kwa kidole. Ikilia kama kengele, imeunganishwa vizuri. Ikilia kama sufuria iliyopasuka, iache.

Rudisha midomo ku kitako, funga, uitingishe. Ukisikia inacheza, mulango wake umechoka, na kuutengeneza kunataka fundi wa kweli.

Toa tena, angalia ndani ya midomo kuelekea mwangaza. Ukiona kivuli kama pete, bomba lilivimba pale siku moja. Iache.

Angalia ngozi ya midomo. Ukiona michoro ya mistari-mistari kama ngozi ya nyoka katika chuma chenyewe, hiyo ni midomo ya zamani ya baruti nyeusi. Usiweke kartushi ya kisasa ndani yake, hata mara moja, hata kama mwenyewe anaapa kwamba baba yake alifanya vile.

Mwisho, pima chumba cha kartushi. Zile nyingi za zamani za Ulaya zina chumba cha milimita 65. Kartushi nyingi za leo ni za milimita 70, na za Amerika nyingine zinafika 76. Kartushi ndefu inaweza kuingia bila shida katika chumba kifupi, na pale njo hatari iko: inaingia kabla ya kufunguka, kisha ikipigwa inakosa nafasi ya kufunguka mbele. Nguvu inapanda, na uso wako uko karibu.

Neno kwa nyumba

Ninajua kwamba bunduki haiko kitu cha nyama tu. Wakati wa Wabelgiji, mutu mweusi aliachiwa ile ya baruti, na mzungu alipita na midomo miwili begani. Kutamani kile kilichokataliwa baba yako haiko dhambi. Hata mimi, nilipoangalia picha ile katika telefone, mukono wangu ulitaka kuishika. Mufanyakazi aliyetoa miaka yake chini ya ardhi ana haki ya kitu kimoja kizuri.

Lakini dekonti haiko mushara wa mwezi mukubwa. Ni miezi yote inayokuja, imefungwa katika bahasha moja. Ndani yake kuko minerval ya watoto, kuko dawa, kuko unga ambao bei yake sisi wote tunaijua. Mwezi wa 10 mvua inakaribia. Mbegu na mbolea zinazonunuliwa kwa wakati zinarudi katika mufuko wa mahindi, na mahindi hayatoboi jicho la mutu.

Basi, mwanangu, jibu langu umelisoma. Usinijibu mimi. Weka picha ile ku meza mbele ya bibi yako, weka na kalamu, fanyeni hesabu ya safari 200 pamoja. Kama nyinyi wawili mukimaliza hesabu na bado munaitaka, sitasema tena neno. Nitakuja kula kanga.